Pimeni Kwanza, Ndipo Mdai

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie njia za kupata intaneti ya nyumbani yenye kasi na isiyokatikakatika kwa watu wanaoishi mahali ambapo huduma ni duni. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitakapoanzia, nami sitawazungusha: naanzia kwenye daftari. Sianzii kwenye ruta mpya, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, wala kwenye kifurushi kikubwa zaidi, wala kwenye barua ya malalamiko. Nasema daftari la karatasi na kalamu, kwa sababu katika miaka yote ya kushughulika na jambo hili sijaona nyumba iliyopona tatizo lake kabla ya mtu kujua tatizo lenyewe limekaa wapi.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima anayesahihisha kazi za wanafunzi kwa njia ya mtandao, alikuwa akipata intaneti kupitia waya wa simu wa shaba, na kwa karibu mwaka mzima ilikuwa ikikatika. Kila alipopiga simu kwenye kampuni aliambiwa azime ruta kisha aiwashe. Aliizima, akaiwasha, intaneti ikarudi, na lalamiko likafungwa. Mara ya nne alishauriwa ahamie kifurushi cha kasi ya juu zaidi. Akahamia, na intaneti ikaendelea kukatika vile vile. Niliudhika niliposikia hayo na hadi leo naudhika, kwa maana bomba lililopasuka njiani haliponi kwa kuongezewa maji kule yanakotoka.

Nilimwomba afanye jambo moja kwa siku 14. Asubuhi, mchana na saa tatu usiku aunganishe kompyuta na ruta kwa waya, apime kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na muda ambao ujumbe mdogo hutumia kwenda na kurudi. Kisha afungue ukurasa wa mipangilio ya ruta na kunakili namba mbili: kasi ambayo modemu, yaani ile sehemu ya ruta inayowasiliana na waya wa nje, imekubaliana na mtambo wa kampuni ulio upande wa pili wa waya, na ile namba ya desibeli inayoonyesha akiba iliyobaki kabla ishara haijamezwa na kelele. Mwisho aandike hali ya hewa. Alinitazama kwa mshangao nilipotaja hali ya hewa, lakini aliandika.

Kwa siku nne akiba ile ilikaa kwenye 9. Siku ya tano mvua ilinyesha alasiri, na usiku ule akaandika 2. Chini yake, kwa mwandiko wa haraka, akaandika “imekatika mara sita”. Siku mbili za jua zikafuata na namba ikapanda taratibu, 4, kisha 7. Mvua ya pili ikaja, nayo ikashuka tena. Fundi alipofika hakuambiwa kwamba intaneti inasumbua. Aliwekewa ule ukurasa mbele yake. Aliusoma akiwa amesimama mlangoni, wala hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akafungua kisanduku cha maungio, na ndani yake tukaona waya mmoja ulioliwa na kutu ya kijani hadi ukabaki mwembamba kama unywele, na ganda lake lilikuwa limelowa maji. Alikata sehemu iliyooza, akaunga upya kwa viunganishi vyenye grisi ya kuzuia maji, akafunga kisanduku. Kazi nzima haikufika nusu saa. Mama yule alikuwa ameteseka karibu mwaka mzima kwa kazi isiyofika nusu saa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumpeleka fundi kwenye nguzo badala ya kumpeleka sebuleni.

Nakaa kwenye kisa hiki kwa makusudi. Safari ya data kutoka kwenye vifaa vyenu hadi inakokwenda ina vipande vitatu, na kila kipande kina namna yake ya kuugua. Mkipima kwa waya mkapata kasi nzuri, lakini kwa Wi-Fi mkapata robo yake, ugonjwa umo ndani ya nyumba, na kampuni haina kosa. Mkipima kwa waya mkapata kasi mbaya saa zote, au mbaya kila inaponyesha, shaka iangukie kwanza kipande cha kati, yaani waya, nguzo, au mawimbi kati ya nyumba na mnara. Na ikiwa modemu inaonyesha kasi ile ile mchana na usiku, lakini vipimo vinaanguka kila jioni watu wanaporudi makwao, basi njia ya mbele zaidi, ile mnayoshiriki na wengine, imejaa kupita uwezo wake, na hakuna fundi wa kupanda nguzo atakayeiponya. Hapo wa kubanwa ni kampuni yenyewe ipanue njia yake.

Mtu ataniambia kwamba yeye si fundi. Simtaki awe fundi. Mgonjwa anayemweleza daktari kwamba homa humpanda kila jioni hajasomea udaktari, lakini amemrahisishia daktari kazi. Mwingine ataniambia kwamba tangazo lilimwahidi megabiti 50 kwa sekunde, basi apewe 50. Someni tena tangazo hilo: mara nyingi limeandikwa “hadi 50”, na neno hilo dogo ndilo linaloilinda kampuni. Tena kumbukeni kwamba megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo faili linaloshuka kwa megabaiti 6 kila sekunde linatumia karibu megabiti 50, na hapo hamjapunjwa.

Kuna wakati daftari litawaambia neno chungu, kwamba waya hauna kosa lolote ila ni mrefu mno. Teknolojia ya ADSL2+, ile inayopitisha intaneti kwenye waya wa simu wa shaba, huweza kufikisha hadi megabiti 24 kwa sekunde kwa nyumba iliyo karibu na mtambo, lakini ishara hufifia kadiri shaba inavyorefuka, na ukifika kilomita 5 unashukuru kupata megabiti 1 au 2. Kubadilisha ruta hapo ni kutwanga maji kwenye kinu. Inatakiwa njia nyingine ya kuingilia nyumbani, na iliyo bora kuliko zote ni nyuzi za kioo. Mwaka 1966 mhandisi Charles Kao, akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba mwanga ungeweza kusafiri mbali ndani ya kioo endapo kioo kingesafishwa vya kutosha, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mifumo inayotumika sana leo huhudumia nyumba zilizo umbali wa hadi kilomita 20 bila umbali huo kula kasi kama unavyofanya kwenye shaba.

Kabla sijaendelea na njia nyingine za kuingilia nyumbani, lipo jambo moja ambalo watu wengi hulidhania kuwa ni kasi ndogo na silo. Saa tatu usiku simu za nyumba nzima zinaanza kutuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ghafla mazungumzo ya video yanaganda. Kilichotokea ni kwamba njia ya kupakia, ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kupakua, imejaa, na modemu inazipanga pakiti, yaani vipande vidogo vya data, kwenye foleni ndefu badala ya kuzitupa mapema ili vifaa vipunguze mwendo. Muda wa kwenda na kurudi uliokuwa milisekunde 30 unapita sekunde nzima. Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, aliligundua tatizo hili nyumbani kwake mwaka 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya kuisimamia foleni hiyo. Baadhi ya ruta za sasa zina programu ya namna hiyo ndani yake, lakini mara nyingi imezimwa. Iwasheni, wekeni kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi halisi mliyoipima, tuseme asilimia 90, na mtaona tofauti usiku ule ule. Bila daftari, hiyo asilimia 90 mtaihesabu kutoka kwenye namba ipi?

Naona muda unanibana, kwa hiyo nitapita haraka. Ndani ya nyumba, itoeni ruta kabatini, iwekwe juu na katikati. Masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote wamo humo humo. Kwa wanaopata intaneti kupitia mnara wa simu, antena ya kuelekea mnarani ifungwe nje ya nyumba, juu, mahali isipozibwa na miti.

Kuhusu setelaiti naulizwa kila mara. Zile za zamani zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ombi lenu likipanda na kushuka, kisha jibu nalo likapanda na kushuka, mwanga wenyewe unatumia karibu nusu sekunde. Hakuna kifurushi kinachoweza kuupita mwanga. Zile za Starlink huzunguka kwenye takriban kilomita 550, kwa hiyo ucheleweshaji ni mdogo sana, na kwa nyumba iliyo mbali na kila kitu ni jibu la kweli. Ila zinahitaji anga lililo wazi, na uwezo wake hugawanywa kwa wote walio eneo moja.

Na msidhani lazima msubiri kampuni. Katika vijiji vya Lancashire, Uingereza, watu waliunda chama chao, B4RN, mwaka 2011, na wenye mashamba wakaruhusu mitaro ipite kwenye ardhi yao, wengi wakichimba wenyewe, hadi wakapata megabiti 1,000 kwa sekunde za kupakua na za kupakia. Gharama kubwa ya nyuzi za kioo vijijini ni kuchimba, kioo chenyewe si ghali kiasi hicho. Wao walipambana na sehemu iliyo ghali. Huko Catalonia, Hispania, mtandao wa wananchi uitwao guifi.net ulianza na antena za wanakijiji mwaka 2004.

Ulizeni pia sheria ya kwenu inasemaje. Finland ilifanya megabiti 1 kuwa haki ya kisheria mwaka 2010. Uingereza imeweka megabiti 10 tangu 2020. Marekani ilipandisha kipimo chake cha kinachohesabiwa kuwa intaneti ya kasi mwaka 2024 kuwa megabiti 100 za kupakua na 20 za kupakia. Palipo na namba ya kisheria, daftari lenu huwekwa kando yake, na mdhibiti wa mawasiliano anaona pengo kwa macho yake.

Kurasa nilizozichorea mistari ziko kwenye meza ya mlangoni: tarehe, saa, kupakua, kupakia, muda wa kwenda na kurudi, desibeli, hali ya hewa. Kila nyumba ichukue moja, na kipimo cha kwanza kichukuliwe leo saa tatu usiku, kwa waya.