Kesi ya dagaa na kidole cha baba mkwe

HAMISI: Karibuni tena wasikilizaji. Tupo Kigoma mjini, feni tumeizima ili sauti isikike, kwa hiyo tuvumilieni tukihema. Dada Rehema, za duka la dawa?

REHEMA: Njema, Mwalimu. Za kwako ndizo nazitaka. Nimesikia Katonga hakukulalika.

HAMISI: Hakukulalika. Baba mkwe mnamfahamu, nimemtaja sana humu, yule mzee aliyevua ziwani mpaka magoti yakakataa. Usiku mke wangu anapigiwa simu, mguu wa mzee umewaka moto. Kidole gumba, chekundu, kimevimba, shuka likigusa tu anapiga kelele. Na mzee yule si mtu wa kelele.

REHEMA: Gauti imerudi.

HAMISI: Imerudi, tena akiwa kwenye dawa! Alishapimwa, akaandikiwa alopurinoli, anaimeza kila asubuhi wala haruki. Sasa mguu unakuja kuwaka vibaya kuliko mwanzo. Tunafika, vidonge vyote ameshavimwaga ziwani. Anasema dawa ndiyo iliyompiga.

REHEMA: Ukamjibu nini?

HAMISI: Mimi mkwe wake, nimjibu nini? Nimekaa sebuleni, macho chini, maneno nampa mke wangu ayapeleke chumbani. Na kabla maneno hayajafika, mama mkwe ameshatoa hukumu: dagaa wasiingie tena nyumba ile.

REHEMA: Subiri. Dagaa?

HAMISI: Dagaa. Furushi zima limekwenda kwa jirani.

REHEMA: Mwalimu, mzee wa Katonga azuiwe dagaa? Hiyo kesi imesikilizwa lini? Mshtakiwa alikuwa na wakili?

HAMISI: (anacheka) Nilijua utasimama. Lakini leo tulipanga vizuizi vya vimeng'enya, yaani dawa zinazozuia zile protini zinazoendesha kazi za seli, tena za aina tatu: ya gauti, ya lehemu (kolesteroli) na zile mpya za baridi yabisi. Tuanze na ya mzee, dagaa tutawarudia.

REHEMA: Haya, anza, wewe ndiye mwalimu wa kemia. Ila nimeandika hapa: dagaa.

HAMISI: Ndani ya kila seli kuna purini, ni sehemu ya vinasaba vyetu. Seli zikichakaa, purini zinavunjwa, na chakula nacho kinaleta zake. Kimeng'enya kinachomalizia kazi hiyo kinaitwa zanthini oksidezi. Kinachukua haipozanthini kinaifanya zanthini, kisha zanthini kinaifanya asidi ya uriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya kingine cha kuivunja asidi hiyo. Sisi binadamu hatunacho, mababu zetu walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo tunaitegemea figo itoe. Ikizidi kiasi, kwenye miligramu 6.8 hivi kwa desilita ya damu, inaanza kuganda fuwele, chembe ngumu, kwenye maungio. Kidole gumba kipo mbali na moyo, kina ubaridi, fuwele zinapapenda.

REHEMA: Na seli nyeupe zikiziona zinazishambulia. Ule moto ni vita ya mwili wenyewe.

HAMISI: Sasa alopurinoli. Umbo lake ni haipozanthini kabisa, isipokuwa atomu mbili zimebadilishana nafasi. Kimeng'enya kinaipokea, kinaifanyia kazi, kinatengeneza oksipurinoli. Na hiyo oksipurinoli inaking'ang'ania palepale kinapofanyia kazi. Ni kama mashine ya kusaga pale sokoni uitilie punje zinazofanana na mahindi, izisage, halafu ule unga ugande kwenye mawe. Imejifunga kwa kazi ya mikono yake.

REHEMA: Na hakuna aliyekuwa anaitafuta dawa ya gauti, hilo ndilo linanifurahisha. Gertrude Elion na George Hitchings, Marekani, walikuwa na dawa ya saratani ya damu, merkaptopurini. Mwili ukawa unaivunja haraka, na kinachoivunja ni zanthini oksidezi hiyohiyo. Wakaleta alopurinoli iilinde. Daktari Wayne Rundles wa Chuo Kikuu cha Duke akaona kwa wagonjwa kwamba asidi ya uriki inashuka. Ikaidhinishwa kwa gauti 1966, na 1988 Elion na Hitchings wakapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na James Black. Elion, mama yule, hakuwa na shahada ya uzamivu.

HAMISI: Wanafunzi wangu wa kike huwa nawaambia habari zake kila mwaka.

REHEMA: Sasa mzee wako. Dawa haikumpiga. Asidi ya uriki ikishuka kwenye damu, zile fuwele za miaka mingi zinaanza kuyeyuka, zinabanduka, na seli nyeupe zinaziona upya. Miezi ya mwanzo mguu unaweza kuwaka zaidi. Ndiyo maana inaanzwa kidogo kidogo, mara nyingi miligramu 100 au pungufu, na mgonjwa anapewa kolchisini au dawa nyingine ya uvimbe imsindikize miezi mitatu mpaka sita. Alipewa?

HAMISI: Alipewa vidonge na karatasi. Karatasi imeandikwa kwa kalamu, maneno mawili.

REHEMA: Basi hapo ndipo shida ilipoanzia. Dagaa wameonewa.

HAMISI: Dada...

REHEMA: Hapana, tuwatetee. Theluthi mbili hivi za asidi ya uriki mwili unajitengenezea wenyewe. Chakula ni sehemu iliyobaki, na ukikibana sana unashusha kama miligramu moja tu kwa desilita, au chini ya hapo. Mtu mwenye tisa, ukimfukuzia dagaa wote wa Ziwa Tanganyika, bado ana nane. Lengo ni chini ya sita.

HAMISI: Lakini dagaa wa Kigoma ni ukoo mmoja na sadini. Sadini wapo kwenye kila orodha ya vyakula vyenye purini nyingi.

REHEMA: Ukoo ni kweli.

HAMISI: Dagaa wa Mwanza je? Wale ukoo mwingine kabisa, ukoo wa kambare mamba... samahani, ukoo wa kapu, samaki wa maji baridi.

REHEMA: Usiwaingize wa Mwanza wapate ushindi wa bure! Samaki ni samaki, wote wana purini. Tena dagaa akikaushwa maji yanatoka, purini zinabaki zimesongamana. Hilo nakupa. Lakini nani anakula dagaa wakavu kilo nzima? Ukimwondolea mzee dagaa unamwondolea kalsiamu, maana wanaliwa na miiba yao, na protini ambayo mfukoni mwake anaimudu. Utampa nini badala yake?

HAMISI: Maharage. Purini za mimea hazionekani kuleta gauti kama za nyama na samaki.

REHEMA: Hilo sawa. Maharage, maziwa, ugali wa muhogo. Mawese pia hayana kesi, mafuta hayana purini. Sasa niulize, mwana wa Tabora: ule mtungi unaomletea mzee kila ukitoka kwenu kwa treni una nini?

HAMISI: Asali. Asali ya miombo, safi, haijachanganywa.

REHEMA: Asali imejaa sukari ya fruktozi. Na fruktozi ini linapoishughulikia kwa kasi linatumia akiba ya nguvu ya seli, yale mabaki yake yanavunjwa kuwa... malizia, Mwalimu wa kemia.

HAMISI: (kimya) Purini.

REHEMA: Na purini zinakuwa?

HAMISI: Asidi ya uriki. Ala! Umemleta Tabora mahakamani.

REHEMA: Dagaa wakae kizimbani peke yao? Asali iingie, soda iingie kabla yake, bia iingie, maini na figo za mbuzi ziingie.

HAMISI: Asali kijiko kimoja kwenye chai haimvimbishi mtu mguu.

REHEMA: Na dagaa kiganja kimoja?

HAMISI: Watu wa Tabora mnaosikiliza, nimewatetea, kumbukeni.

REHEMA: Tukirudi kwenye uzito wa kesi yenyewe: kazi ya kushusha asidi ni ya kizuizi. Mzee arudi kwenye alopurinoli, asindikizwe ipasavyo, aendelee maisha yake yote.

HAMISI: Hapo ndipo sikubaliani na wewe.

REHEMA: Kwenye nini?

HAMISI: Kwenye hayo maisha yote. Kizuizi kinazuia kikiwepo. Seli inatengeneza vimeng'enya vipya kila siku, ukiacha dawa uzalishaji unarudi ulipokuwa. Sasa mzee yupo Katonga. Kuna mwezi anaambiwa dawa hakuna, kuna mwezi anaambiwa akanunue mwenyewe, kuna mwezi ziwa limechafuka hakuna hela. Akinywa, fuwele zinabanduka, anaumia. Ikikosekana, zinaganda tena. Ikirudi, anaumia upya. Dawa ambayo lazima isikatike, unampaje mtu ambaye kwake kila kitu hukatika?

REHEMA: Kwa hoja hiyo na dawa za presha tusimpe. Baadhi yake ni vizuizi vya vimeng'enya pia.

HAMISI: Presha inaua.

REHEMA: Na gauti inaharibu figo na maungio mpaka vidole vinapinda! Mimi nawaona dirishani, Hamisi. Wanakuja kununua diklofenaki mwaka mzima kwa sababu kinga hawakuipata. Diklo nayo ni kizuizi cha kimeng'enya, inazima uvimbe, lakini tumbo na figo zinalipa. Unataka mzee aishi kwenye hiyo?

HAMISI: Nataka tuanzishe dawa pale tulipohakikisha itakuwepo. Kabla ya hapo tubane chakula na pombe, tutibu maumivu yakija.

REHEMA: Utasubiri mpaka lini? Dawa iliyokuwepo tangu 1966, nafuu, yenye kampuni nyingi zinazoitengeneza, hiyo ndiyo ya kuidai ipatikane. Ukiacha kuiandika, nani atajua inahitajika? Rafu inabaki tupu kwa sababu hakuna aliyeiomba.

HAMISI: Na mzee awe chambo cha kuijaza rafu?

REHEMA: Sijasema chambo. Nimesema haki yake.

HAMISI: Hata kushusha namba si kila kitu. Febuksostati inazuia kimeng'enya kilekile, inashusha vizuri. Utafiti wa 2018 wa watu zaidi ya 6000 wenye gauti na ugonjwa wa moyo ukaona vifo vya moyo ni vingi kuliko kwa waliotumia alopurinoli, 4.3 kwa 3.2 kwa kila mia. Mwaka uliofuata Marekani wakaiwekea onyo kali.

REHEMA: Na 2020 utafiti mwingine mkubwa wa Ulaya haukuiona hatari hiyo. Maliza habari yote. Tena mzee hayupo kwenye febuksostati.

HAMISI: Nasema kizuizi si namba tu, ni maisha ya mtu yanayoizunguka.

REHEMA: Na mimi nasema maisha ya mtu ni pamoja na kutembea.

HAMISI: Hatutamaliza hili.

REHEMA: Hatutamaliza, na sirudi nyuma.

HAMISI: Wala mimi. Naona naonyeshwa vidole vitano dirishani, wenye kipindi kinachofuata wamefika. Statini, zile dawa za lehemu, hatujagusa hata neno. Nilitaka niwasimulie Akira Endo wa Japani alivyopima maelfu ya kuvu mpaka akapata kinachozuia lehemu isitengenezwe...

REHEMA: Na zile za baridi yabisi ndiyo kabisa. Mwalimu, hebu nipe dakika hizi, kuna mawili lazima yatoke leo. La kwanza: ukianza alopurinoli ukaona upele, hasa ukiambatana na homa, au vidonda mdomoni na machoni, acha dawa saa hiyohiyo, nenda hospitali. Usisubiri kesho, usipake losheni. Ni wachache sana, lakini inaua.

HAMISI: La pili?

REHEMA: Ile merkaptopurini iliyolindwa na alopurinoli. Ndugu yake azathiopurini wanapewa watu wenye magonjwa ya kinga na waliopandikizwa figo. Ukiunganisha na alopurinoli bila daktari kupunguza dozi, dawa inajaa mwilini, uboho unashindwa kutengeneza damu. Kwa hiyo ukifika dirishani, mwekee mfamasia dawa zako zote mezani, pakiti na kila kitu. Na mwenye figo mbovu aseme mapema, dozi yake inaanza chini zaidi.

HAMISI: Wanazima taa, dada.

REHEMA: Upele, Mwalimu, rudia na wewe wasikie kwa sauti ya kiume.

HAMISI: Upele ukitoka, acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.