Usingizi wa Prosesa na Wi-Fi Inayokatika

Mabibi na mabwana, walimu wangu, na vijana mliotembea kutoka Ngamiani katika joto hili: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nitasema jambo ambalo mafundi wenzangu wa hapa Tanga hawatalipenda. Kompyuta mpakato nyingi zinazofika mezani kwangu kwa madai kwamba zimechoka, au kwamba kadi ya Wi-Fi imekufa, hazina kilichokufa ndani. Kuna kifaa kilichoamriwa kulala, na draiva, yaani programu inayokiongoza kifaa hicho, isiyojua kukiamsha.

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haiendi kwa kasi moja. Umeme inaoutumia inapofanya kazi hufuata kasi yake na mraba wa volti, kwa hiyo ukishusha volti kutoka 1.2 hadi 0.9 na kuikata kasi nusu, umeme huo hubaki takriban asilimia 28 tu ya ule wa mwanzo. Tangu Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa ACPI, kanuni za kuongoza matumizi ya umeme ndani ya kompyuta, mwaka 1996, uamuzi wa nani alale na lini umekuwa mikononi mwa mfumo endeshi, kama vile Windows, nao mfumo ukipangwa vibaya huibana prosesa kwenye kasi ya chini hata kazi inapozidi. Joto ni habari nyingine: prosesa nyingi hujipunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 100, na feni iliyojaa vumbi haiponi kwa programu yoyote, hiyo ifungueni muisafishe.

Kadi ya Wi-Fi nayo husinzia. Ruta, kifaa kinachorusha mtandao, hutoa ishara yake, kwa kawaida, kila milisekunde 102.4, na kadi huamka kusikiliza kama kuna data inayoisubiri. Ikichelewa kuamka, mtandao husuasua au hukatika. Kijana mmoja aliniletea mashine baada ya kushauriwa anunue kadi mpya. Nilipoipima ikiwa kwenye chaja, ruta ilijibu kwa milisekunde chache. Nilipochomoa waya, majibu yakaanza kuchukua mamia, kisha yakakoma. Nikafungua mipangilio ya kadi ile, nikaondoa alama inayoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Sikushika hata bisibisi, na kwa kweli niliona haya kumtoza.

Wanaotumia Linux, mfumo endeshi mwingine, wana kisa chao. Kwa miaka mingi kadi za kampuni ya Broadcom ziliwatesa: wajuzi wa kujitolea waliunda draiva kwa kuzichambua draiva za kampuni hiyo, na mtumiaji akalazimika kuchopoa programu ya ndani ya kadi kutoka kwenye draiva ya Windows. Kampuni ilitoa draiva huria kwa kadi zake mpya mwaka 2010 tu.

Basi kabla ya kupakua draiva, msitazame jina lililoandikwa kwenye kifuniko, kwa kuwa modeli moja huuzwa ikiwa na kadi tofauti. Tazameni namba ya utambulisho ya kadi yenyewe. Aliyekuja na mashine yake na aiwashe sasa, bila chaja, tuisome namba hiyo pamoja.