Jinsi ya Kuziba Kingo za Mlango wa Venia Uliokatwa

Habari zenu watazamaji, karibuni karakana. Leo mezani tuna mlango wa chumbani, huu wa flashi, yaani wa uso bapa wenye uwazi ndani, uliovikwa venia ya mkongo pande zote mbili. Venia ni ule ubao mwembamba sana unaobandikwa juu kama ngozi. Mwenye nyumba aliweka marumaru milango ikiwa imeshafungwa, sakafu ikapanda, mlango ukaanza kukwaruza. Ukakatwa sentimita tatu chini, ukapunguzwa na ubavuni upande wa kitasa, kazi ikaachwa hapo. Dogo, sogeza kamera huku. Mnaona? Usoni mlango unawaka, ila ukingoni kuna mbao nyeupe ya msonobari, halafu mstari wa plaiwudi, na hapa katikati ni uwazi mtupu wenye karatasi zilizokunjwa mfano wa sega la nyuki.

Wengi wakiona hivi wanakimbilia ubavu, kwa kuwa ndio unaoonekana mlango ukifunguliwa. Mimi naanza chini. Ubavu ni sura tu, chini ndiko maji ya deki yanakoingia. Tambara linapita hapo kila asubuhi, mbao inanyonya, plaiwudi inaanza kuachana, na baada ya muda venia inavimba na kupasuka karibu na sakafu. Hapo lawama zote anabeba aliyeuza mlango.

Vifaa ni vya kawaida: msumeno wa meno madogo, randa ndogo, patasi, gundi nyeupe ya mbao, klampu mbili au tatu, msasa namba 120, 180 na 240, kisu chenye wembe mpya, pasi, vanishi na brashi. Kwa ubavu utahitaji utepe wa venia wenye gundi mgongoni, au fito ya mkongo. Tutafika huko.

Kabla hujapaka gundi popote, rudisha mlango kwenye fremu uangalie nafasi. Juu ya marumaru mimi naacha kama milimita 8, na pembeni milimita 3. Kumbuka utakachobandika kina unene wake. Utepe hauongezi hata milimita moja, lakini fito ya milimita 6 itakulazimu ukate milimita 6 nyingine kwanza. Na ninyi wa Tanga, Dar na Mombasa, mlango unaobana kidogo wakati wa masika msiukimbilie na randa. Mbao imevimba kwa unyevu. Ukiupunguza leo, kiangazi utaona taa ya sebuleni kupitia pembeni.

Kama bado kuna cha kukata, chora mstari kwa rula ya chuma, kisha upitishe wembe juu yake mara mbili tatu mpaka venia ikatike kabisa. Geuza mlango ufanye hivyo na upande wa pili. Kata nje kidogo ya huo mstari. Msumeno wa mkono unakata ukishuka, kwa hiyo uso mzuri uwe juu. Msumeno wa umeme wa mviringo meno yake yanapanda, kwa hiyo uso mzuri uwe chini. Ukibadilisha, venia itang'oka vipande vipande, na hakuna vanishi itakayoficha hilo.

Sasa huu uwazi wa chini. Kile kipande kilichokatwa msikitupe, ndani yake ndimo ulimo ubao uliokuwa umefunga mlango kwa chini. Nakisimamisha, naingiza patasi kati ya plaiwudi na ubao, nagonga taratibu... inabanduka upande huu... na huu. Narudia kukwangua mpaka gundi ya zamani iishe. Ubao tunao, na upana wake ni uleule wa ndani ya mlango kwa sababu ulitoka humohumo. Urefu nauangalia: hapa tumepunguza na ubavuni, lakini ubao huu unakaa kati ya miimo miwili, zile mbao za kusimama za pembeni mwa mlango wenyewe, kwa hiyo unaingia bila kukatwa.

Zile karatasi za ndani zisukume kwa patasi hadi kina cha ubao. Paka gundi kwenye kuta za ndani za plaiwudi na ubavuni mwa ubao, uingize mpaka ulingane na ukingo. Ukibaki ndani hata milimita mbili, maji yatakaa hapo. Kaza klampu, lakini weka vipande vya mbao kati ya chuma na venia, la sivyo utaacha alama ya duara. Gundi inayotoka futa sasa hivi kwa kitambaa chenye maji. Ikikauka juu ya venia haitapitisha rangi, utabaki na doa jeupe chini ya vanishi. Acha usiku mzima.

Baada ya hapo piga msasa 120 kisha 180, pangusa vumbi, upake vanishi. Mkono wa kwanza utanyonywa wote kama hujapaka kitu. Usishangae, ongeza wa pili ukikauka, kisha wa tatu. Huku chini utepe wa venia siuweki. Hakuna anayeinama kuutazama, na tambara la deki likiupata kila siku utabanduka. Na mkiwa mmeshika brashi, pakeni na ukingo wa juu. Milango mingi huko juu haijawahi kuona vanishi tangu itoke kiwandani.

Twende ubavuni. Hapa kuna njia mbili.

Ya kwanza ni utepe. Mlango huu una unene wa milimita 40, nimechukua utepe wa 45 ili uzidi kila upande. Ukingo uwe umenyooka na mkavu, maana utepe unafuata kila bonde utakaloacha. Pasi iwe kwenye joto la pamba, bila mvuke hata kidogo. Weka kitambaa chembamba juu, pitisha polepole, na nyuma ya pasi fuata na kipande cha mbao ukikandamiza mpaka gundi ipoe. Ukisikia utepe unalia ukiugonga kwa ukucha, hapo haujashika, rudia pasi. Kilichozidi punguza kwa wembe, kisha malizia na msasa 180 uliofungwa kwenye kibao, ukisukuma kutoka ukingoni kuelekea chini ya uso wa mlango. Ukivuta kwenda juu utaubandua mwenyewe. Tundu la kitasa utalifungua kwa wembe mwishoni.

Njia ya pili ni fito ya mkongo halisi, na kwa mlango wa nyumba yenye watoto ndiyo ninayoichagua. Utepe ukigongwa na kiti unachubuka ukaonyesha msonobari, wakati fito ikichubuka ndani bado ni mkongo. Ipasue iwe pana kidogo kuliko unene wa mlango, ibandike kwa gundi, ifunge kwa utepe wa karatasi kila baada ya kiganja kimoja. Kesho yake sawazisha kwa randa. Sasa angalieni hapa: nachora penseli ovyoovyo kwenye venia, kando kabisa ya fito. Naranda... naranda... alama za penseli zikianza tu kuguswa, naweka randa chini na kuchukua msasa wa mkono. Venia mara nyingi haifiki hata milimita moja. Mashine ya msasa hapa ni kujitafutia hasara.

Venia ikiwa imemeguka kidogo, tumia puti ya mbao yenye rangi inayokaribia. Unga wa mbao na gundi unaziba, kweli, lakini haupokei rangi, utaonekana mpaka mlangoni pa jirani.

Rangi ijaribiwe kwanza kwenye ile plaiwudi tuliyoibandua, kwani ina venia ileile na vanishi ileile ya zamani. Subiri ikauke, uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Mkongo uliokatwa leo ni mwepesi wa rangi na unakolea kadiri unavyokaa kwenye mwanga, kwa hiyo usiukoleze kupita kiasi sasa. Kisha mikono miwili ya vanishi, msasa 240 katikati, madirisha yakiwa wazi.

Mlango wa bafuni au wa jikoni ongezeni mkono mmoja zaidi huko chini, na msiufunge siku hiyohiyo. Uegemezeni ukutani juu ya vipande viwili vya mbao, kila kimoja kimepigiliwa misumari midogo inayochomoza, ili ukingo mbichi usigande.