Damu ya Yambuku, damu ya Kikwit: tumwongelee Profesa Muyembe

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wanafunzi wa maabara mliojibanza huko nyuma sogeeni mbele, habari ya leo ni yenu kabisa. Nataka tumwongelee Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo, mtaalamu wa virusi aliyepambana na Ebola, na naanzia kwenye sindano.

Mwaka 1976, Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule, watu wanakufa kwa homa isiyoeleweka kwenye hospitali ya misheni. Muyembe anatumwa kutoka Kinshasa, kijana tu, miaka michache tangu arudi na digrii yake ya virusi kutoka Leuven, Ubelgiji. Anawatoa wagonjwa damu, glavu hana. Sasa nyie mnaotoa damu kila siku mnajua, ukichomoa sindano unabana na pamba, baada ya muda kidogo imekata. Ile haikukata. Ikaendelea kuchuruzika kwenye kitundu cha sindano mpaka vidole vyake vikalowa, akanawa maji na sabuni, basi. Mimi nikiiwaza hiyo sabuni mwili unasisimka jamani, maana kati ya watu 318 walioumwa walikufa 280.

Akamshawishi sista mmoja mgonjwa waende naye Kinshasa, na damu ya yule sista ndo ikasafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai, hii hii tunayoijua majumbani, ndo kirusi cha Ebola kikaonekana kwenye hadubini. Miaka na miaka jina lililovuma likawa la mtafiti Mbelgiji Peter Piot na wenzake wa maabara ya kule, aliyeshika sindano Yambuku anatajwa kwa mbali au hatajwi. Hili linaniuma na nalisema wazi.

Ila mzee aliendelea na kazi. Ebola ikaingia mji wa Kikwit, huko huko Zaire, 1995, safari hii akachukua damu ya watu waliopona akawawekea wagonjwa 8, wakapona 7. Wanasayansi wengi wakakataa, wakasema wagonjwa ni wachache na hakuna kundi la kulinganisha nao, na kwa kanuni zetu walikuwa na hoja, lakini yeye wazo lile hakuliacha, na tangu 1998 akawa anaiongoza INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba pale Kinshasa, sasa ana maabara na watu wake.

Na kumbe damu ya Kikwit ilikuwa haijamaliza kazi! Mtu aliyepona kule, miaka 11 baadaye kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupambana na kirusi, bado zimo mwilini mwake, na kutokana nazo yeye na watafiti wa Marekani wakapata dawa, mAb114, siku hizi inaitwa Ebanga. Ikajaribiwa kuanzia 2018 Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa wenzetu wanaoongea Kiswahili, huku risasi zinalia na vituo vya tiba vinachomwa moto. Waliopewa dawa hiyo walikufa kama 35 kwa 100, waliopewa ZMapp, dawa nyingine ya Ebola, 50 kwa 100, na waliowahi kuja virusi vikiwa bado kidogo, wakapewa hiyo mAb114, walikufa 10 hivi tu kwa 100.

Kabla ya hapo watu walificha wagonjwa ndani, kwa sababu kituo cha Ebola walikiona kama mlango wa kaburi. Lakini Agosti 2019 pale Goma, baba wa familia moja alishafariki kwa Ebola, mkewe na mtoto wao mdogo wakaugua, wakatibiwa, wakaruhusiwa kurudi nyumbani wazima.