Faini ya trafiki sio fidia yako: gari ikigonga nani analipa?

Assalam aleikum jamani, wazee wangu shikamooni, nashukuru mmejaa maana naona wengine mmetoka mpaka Pongwe na Muheza huko, basi niingie kwenye mada.

Ukigongwa hapo Ngamiani, trafiki akaja akapima, dereva akapelekwa mahakamani akalimwa faini, ile hela inaingia serikalini, wewe uliyevunjika mguu haikuhusu, na hapa ndo watu wengi wanapopotelea, wanaona dereva kashahukumiwa basi yameisha. Hayajaisha! Ile ni jinai, kesi ya jamhuri na dereva. Fidia ni madai, unadai mwenyewe, na ile hukumu unaibeba iwe ushahidi wako.

Unamdai nani sasa? Dereva aliyezembea, huyo wa kwanza. Ila dereva wa daladala utamkamua nini, ndo maana sheria inamfata na tajiri wake, yaani mwenye gari, kama alikuwa kwenye kazi ya tajiri basi tajiri anabeba, hata aseme siku hiyo alikuwa kalala kwake Raskazone. Kama dereva kaenda kwenye mishe zake binafsi hapo tajiri ana cha kujitetea. Na nyie mnaouziana pikipiki kwa karatasi ya serikali ya mtaa tu, kadi ikabaki na jina lako, ikigonga mtu kule Segera wa kwanza kutafutwa ni wewe, kabadilisheni kadi TRA jamani.

Halafu bima. Third party, ile bima ndogo, ni lazima kisheria, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na inamlipa yule uliyemgonga, gari lako hailigusi, ukitaka na lako litengenezwe kata bima kubwa.

Kinachoniuma mimi ni yale makubaliano ya barabarani. Kijana wa bodaboda kagongwa, bado ana kiwewe, damu haijakauka kwenye goti, anapewa laki mbili na kikaratasi "tumeyamaliza, hatutadaiana", anasaini juu ya boneti. Kesho yake hospitali ya Bombo eksirei inaonyesha mfupa umevunjika, anatakiwa kuwekewa vyuma, akienda kudai anaonyeshwa saini yake. Msisaini! Chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe, piga picha namba ya gari, hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa simu yako, chukua namba za walioona, risiti zote za hospitali na dawa tunza.

Kama na wewe ulichangia, mfano ulikatisha barabara bila kuangalia, mahakama inakata sehemu ya fidia, haikunyimi yote.

Na usikae nayo moyoni miaka, madai ya namna hii yana miaka 3 tu tangu siku ya ajali, ukichelewa hata uwe na haki kiasi gani kesi inatupwa. Haya maswali, tuanze na wenye pikipiki.