Mwisho wa Reli kwa Kipimo cha 1 kwa 50

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo. Nawashukuru kwa kufika, maana jua la Tanga saa hizi halimtoi mtu nyumbani bila sababu.

Hapa mezani nimeweka vitu vitatu vidogo. Vitapita mkononi kwa kila mtu, vishikeni bila wasiwasi. Ni vizuizi vya mwisho wa reli. Kila reli ina mahali inapokoma, iwe bandarini, karakana au kwenye njia ya pembeni ya stesheni, na pale inapokoma huwekwa kitu cha kulisimamisha behewa lisiendelee. Wengi wanaotengeneza reli za mfano huanza na injini na huishia kwenye injini. Mimi nimekipenda kizuizi kwa sababu moja: ukikitazama vizuri, kinakueleza behewa lililokuwa likija kukigonga lilikuwa la namna gani.

Somo hilo nililipata kwa kukosea. Kizuizi changu cha kwanza nilikinakili kutoka kwenye picha ya Ulaya: boriti nene, na sahani mbili za duara, moja kulia na moja kushoto. Nilikipaka rangi nyekundu, nikakipeleka Ngamiani kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupanga mabehewa miaka mingi. Akakigeuzageuza, akakiweka mkekani, akaniuliza, "Mwanangu, hiki kinazuia behewa la wapi?" Kisha akaweka kidole katikati ya boriti, pale ambapo mimi sikuweka chochote. "La kwetu linagonga hapa."

Reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Mombo 1905 na Moshi 1911, ina upana wa mita 1. Mabehewa ya reli zetu za mita 1 yana kiungio kimoja katikati, nacho ndicho kinachovuta na ndicho kinachopokea msukumo. Behewa la Ulaya lina bafa mbili pembeni, yaani sahani za kupokea pigo, na kati yake kuna milimita 1,750. Kwa hiyo kule pigo linagawanyika mara mbili, tena linaangukia karibu na nguzo za kizuizi. Kwetu pigo zima linaangukia katikati ya boriti, mahali ambapo boriti hupinda kwa urahisi kuliko kwingine kote. Ndiyo maana kizuizi cha hapa kinataka mhimili wa nyuma uliolenga katikati. Nilikibomoa kile changu usiku uleule.

Sasa tazameni hiki cha kwanza, cha reli zilizopindwa. Nguzo mbili zinainuka kutoka kwenye reli zenyewe, na nyuma kuna mihimili iliyolala mshazari. Mhimili huo unalipokea pigo na kulishusha chini, kwenye reli na mataruma, vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli. Ukiusimamisha wima sana, kizuizi kitapinduka kinyumenyume. Ukiulaza, unakuwa kama mtu aliyetanguliza mguu kabla ya kusukumwa.

Na pigo lenyewe si dogo. Behewa la tani 15 likitambaa kwa mita 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayewahi daladala, lina nishati ya kilojuli 30. Uongeze mwendo mara mbili, haiwi 60, inakuwa 120. Tarehe 22 Oktoba 1895, wakati reli yetu bado haijafika Muheza, treni iliyotoka Granville iliingia kituo cha Montparnasse jijini Paris kwa kasi kubwa mno. Ikakipita kizuizi, ikakatiza ukumbi wa kituo, ikatoboa ukuta, na injini ikaangukia barabarani kwa pua. Mwanamke aliyekuwa chini akiuza magazeti alifariki. Hakuna boriti ya kusimamisha mwendo kama ule kwa ghafla. Ndipo unapoona faida ya vizuizi vinavyokubali kusogea: vingine vinateleza juu ya reli huku vikiibana, vingine vina mitungi ya maji au mafuta.

Hiki cha pili nacho kinasogea, kwa namna yake. Ni sanduku la mataruma lililojazwa udongo. Chembe za udongo zinasuguana, zinahama, na kuhama huko ndiko kunakoimeza nishati. Adui yake kwetu ni mchwa. Ni mchwa haohao waliofanya mataruma ya chuma yatumike sana katika reli za nchi hizi.

Kipimo changu ni 1 kwa 50. Mita 1 ni milimita 20, hesabu ya kichwani. Sentimita 10 ni milimita 2, yaani unene wa njiti ya kiberiti. Reli yenyewe naitoa kwenye mbavu za mwavuli uliovunjika, maana ubavu wa mwavuli una mfereji ndani, na ukiutazama kwa pembeni unaonekana kama reli. Usiupinde baridi, utakatika. Uweke kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, upinde taratibu, halafu upige msasa mpaka chuma king'ae, la sivyo risasi ya kulehemu haitashika.

Mataruma nayachonga kwa vipande vya mninga ninavyookota kwa maseremala. Rangi ya mninga ni mpya mno machoni, kwa hiyo naloweka waya wa kusugulia masufuria ndani ya siki usiku kucha, asubuhi napaka maji yake kwenye mti. Ndani ya saa moja mti unakuwa wa kijivu kama uliopigwa na mvua miaka 40. Udongo naupitisha kwenye chujio la chai, naushikisha kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni. Bila sabuni, gundi inasimama juu ya udongo kama umande na haizami.

Nawaomba jambo moja, na ninalisema kwa uchungu. Mwaka fulani niliona kizuizi cha zamani kwenye njia iliyoachwa, nikasema nitarudi na futi na daftari. Niliporudi, wauza chuma chakavu walishafika, nikakuta mashimo mawili tu. Ukikiona kizuizi cha zamani, omba ruhusa ya stesheni masta kwanza, kisha kipime siku hiyohiyo. Kimo cha boriti juu ya reli, urefu wa mhimili, pembe yake, idadi ya bolti.

Cha tatu bado hamjakigusa, kimefungwa kwa skrubu kwenye ubao huu wenye mteremko. Behewa hili lina gramu 120, ambazo kwa kipimo chetu ni tani 15 kamili. Kijana uliyekaa mbele, hebu njoo. Liweke pale juu, usilisukume. Liachie.