Tasnifu Haiandikwi "Nikipata Muda"

Habari za jioni, ndugu zangu. Waandaaji waliniomba niwazungumzie uvivu. Nimewakatalia, maana humu ndani sioni mvivu. Naona watu wanaogombania daladala alfajiri, wanashinda kazini, jioni wako darasani, halafu wana sura ya pili ya tasnifu iliyolala tangu mwaka jana. Mvivu angeacha vyote. Ninyi kilichowashinda ni kimoja, nacho ndicho pekee kisicho na saa yake.

Kazini mna saa ya kuripoti. Ibada ina saa yake. Tasnifu je? "Nikipata muda." Haya, nani humu kaupata?

Tazameni kikoba. Mtu aliyeshindwa kuficha elfu tano chini ya godoro, kwenye kikoba ananunua hisa kila wiki. Tabia ni ile ile. Ila Jumamosi saa kumi, uani kwa mwenyekiti, wenye funguo tatu wamefika, sanduku linafunguliwa na jina lake linaitwa. Hana nafasi ya kujiuliza kama leo anajisikia.

Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, pamoja na Veronika Brandstätter, walichapisha jambo hili mwaka 1997. Wanafunzi walitakiwa kuandika ripoti fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi. Wengine walitajiwa kazi tu. Wengine waliambiwa waamue kabisa wataandika lini na wapi. Kundi la kwanza, takribani theluthi moja walitimiza. La pili, zaidi ya theluthi mbili. Kazi ile ile, sikukuu ile ile, pilau lile lile mezani kama wangekuwa huku kwetu.

Mtaniambia: mimi nina tarehe ya mwisho, inatosha. Haitoshi. Kule Kanada, mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu watahitaji siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34. Zikawa 55 na ushei. Utafiti huo ulitoka mwaka 1994, na wasimamizi wenu wanaweza kuuthibitisha bila kwenda Kanada.

Basi chagueni muda wa saa moja, mara tatu kwa wiki. Msianze kwa kukaa saa nne mfululizo kila usiku. Huo ni ubabe wa siku mbili. Simu ibaki chumba kingine, tena kwa mtu mkali. Na kabla hujakaa, ujue utaanza na nini. "Kuandika sura ya pili" si kazi ya saa moja. "Kufupisha makala hii moja kwa aya mbili" ni kazi ya saa moja. Saa ikiisha, simama, hata kama sentensi iko njiani. Afadhali iko njiani. Kesho kutwa utajua pa kushikia.

Siku utakayouguliwa na mtoto, saa hiyo itapotea. Ipotee. Usiilipe kwa kukesha. Subiri zamu inayofuata na uikalie.

Sasa kila mmoja atoe karatasi. Andika siku, saa, na mahali, kisha mpe jirani yako asome kwa sauti. Dada pale nyuma, naona umeandika "jioni". Jioni ya saa ngapi, na meza ipi?